Aliyewarudishia Watoto Umri Wao

Baada ya miaka ishirini na minane na miezi mitatu ya utumishi katika ofisi yetu ya usajili wa vizazi, dada yetu tunayemwita Mama Mti atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri. Saa nimeitaja kwa makusudi, kwa kuwa mwenyewe amekwisha kututangazia kwamba ikifika saa tisa na dakika thelathini na moja hatapokea simu ya mtu yeyote kuhusu waraka wowote, hata ukiwa umetoka hospitali kuu.

Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, karani wa masjala, niandike wasifu wake. Naomba radhi mapema. Shule ya misheni niliyosoma ilitufundisha kuandika kwa kalamu ya wino, salamu kwanza na shida baadaye, na haya mambo ya programu za kompyuta nimeyaokota njiani nikiwa mtu mzima. Nitakapokosea, wataalamu wanisahihishe kwa upole.

Ninayo sababu nyingine ya kuomba radhi, nayo inahusu barua ya onyo iliyokaa katika jalada la Mama Mti kwa miaka tisa. Kwa utaratibu wetu, jalada la mtumishi hufungwa kwa lakiri siku anapostaafu, likapelekwa ghalani, wala halifunguliwi tena ili kuongezwa hata mstari mmoja. Lililomo siku hiyo ndilo litakalosema alikuwa nani. Barua ile haikustahili kuachwa humo peke yake, na mtu aliyelijua hilo miaka yote tisa ni mimi. Nitafika huko. Kwanza nimtendee haki kwa kuieleza kazi yake.

Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili, akaajiriwa kuwa karani wa kuingiza taarifa. Siku hizo fomu za vizazi zilitufikia kwa magunia. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya mifagio, na harufu ya sabuni ya sakafu haikuhama hata baada ya mifagio kuhamishwa. Alikuwa na kompyuta moja na feni moja. Feni ikiwashwa, fomu ziliruka chumba kizima. Ikizimwa, kompyuta ilipata joto ikajizimia. Watangulizi wake wawili walikuwa wameomba uhamisho kwa sababu hiyo. Yeye alikwenda nje, akaokota tofali, akalivika kitambaa kizuri, akalilaza juu ya fomu. Kesho yake akaomba magunia zaidi.

Utunzi wa programu alijifunza katika madarasa ya Jumamosi, akimwachia mumewe, ambaye ni seremala, nyumba pamoja na watoto wawili. Shemeji yetu huyo hupenda kusema kwamba yeye hutengeneza makabati, na mkewe naye hutengeneza makabati, ila ya mkewe hayaonekani na droo zake hazina idadi.

Miaka ishirini iliyopita ofisi iliamua kuachana na magunia na kupokea taarifa kwa njia ya mtandao, na Mama Mti ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Kwa faida ya wasomaji walio kama mimi, nieleze kidogo. Mkunga hospitalini hufungua ukurasa wetu katika kompyuta yake, hujaza fomu, kisha hubonyeza kitufe. Programu huyachukua majibu yake na kuyatunga kuwa waraka wa XML. Waraka huo hauna uchawi wowote. Ni maandishi ya kawaida, isipokuwa kila taarifa imewekwa kati ya lebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na lebo moja yaweza kubeba nyingine tumboni mwake, mfano wa bahasha ndani ya bahasha. Bahasha kubwa ni kizazi. Ndani yake mna bahasha ya mtoto, ya mama, na ya kituo. Ndani ya ile ya mtoto mna jina, jinsia, uzito na tarehe ya kuzaliwa. Waraka ukifika kwetu, programu nyingine huzifungua bahasha hizo moja moja na kukiweka kila kitu mahali pake katika daftari kuu. Kutunga nyaraka na kuzichanganua: hizo ndizo kazi mbili zilizomzeesha Mama Mti, ingawa mwenyewe husema kilichomzeesha ni sisi.

Jina lake la utani lilitokana na desturi yake. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, alichora waraka mzima kwa penseli nyuma ya karatasi za kalenda za mwaka uliopita. Mzizi aliuweka juu, matawi yakashuka, na kila mtoto akaning'inia chini ya mzazi wake. Mlinzi wa lango aliwahi kumwuliza kama mti huo umeanguka au ndivyo ulivyopandwa. Alimjibu kwamba umepinduliwa makusudi, ili hata watu wafupi kama yeye wayafikie matunda. Akaweka na sheria: lebo yoyote isiongezwe, isiondolewe, wala isisogezwe, mpaka mti wake uchorwe upya, ubandikwe ukutani, na mwenye kuagiza badiliko aweke saini yake chini. Wengi tuliiona sheria hiyo kuwa ya kikarani kupita kiasi, na tulioiona hivyo tulikuwa makarani.

Mwaka wa kwanza wa mfumo huo kulitokea waraka uliotutia kichaa. Mkunga mmoja, mwenye haraka zake, alitaka kueleza kwamba mtoto alizaliwa na uzito pungufu ya kilo mbili, akatumia ile alama ya hesabu yenye umbo la mdomo wa ndege. Kumbe alama hiyo hiyo ndiyo inayoanzisha lebo. Programu ilipoikuta katikati ya maneno ikadhani lebo mpya inafunguliwa, ikangoja ifungwe, haikufungwa, ikaukataa waraka mzima. Mtoto akabaki bila usajili kwa kosa la kuzaliwa mwepesi. Wakubwa wakaandaa barua ya kuwakataza wakunga wote wasiitumie alama hiyo. Mama Mti aliizuia barua isitoke. Alisema mkunga amesomea kupokea watoto, hakusomea kuibembeleza programu.

Alichimba, akagundua kwamba nyaraka zetu zilikuwa zikitungwa kwa kuunganisha vipande vya maneno, kipande kwa kipande, kama mtu anayegundisha gazeti lililochanika. Akauvunja utaratibu huo. Akaandika upya ili programu iumbe kila sehemu kivyake, kisha iitundike chini ya mzazi wake, na alama zote za hatari zifungwe salama kabla ya safari. Tangu mwaka ule wakunga wameandika alama za kila aina, na mara moja shairi fupi la pongezi, na hakuna waraka uliokataliwa kwa sababu hiyo.

Jambo la pili alilolisisitiza ni kutunza nakala ya kila waraka jinsi ulivyofika, kabla haujafunguliwa. Mkurugenzi wetu wa wakati ule alilalamika mara nyingi kwamba tunajaza diski kwa vitu ambavyo tayari vimo katika daftari. Mama Mti alimsikiliza kwa heshima, akaendelea kutunza. Namshukuru Mungu kwa ukaidi ule.

Sasa nifike nilikoahidi kufika.

Miaka tisa iliyopita, Mama Mti alichukua likizo ya wiki saba, kwa kuwa binti yake alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza. Wiki ile ile ya kwanza, watunzi wa programu waliobaki walikuwa wakipanga upya fomu ya vizazi, nami nikaketi nao wakati wa chai kwa niaba ya masjala. Walinionyesha waraka mmoja uliochapishwa. Niliona kwamba bahasha ya mtoto inatangulia, kisha inafuata ya mama yake. Wasomaji wanaonifahamu watanielewa nikisema kwamba jambo hilo lilinikera. Tulilelewa kumtanguliza mkubwa. Mtu aliyezaliwa jana kumpita mama yake mlangoni, hata katika maandishi, niliona si adabu. Nikawaomba wamweke mama kwanza.

Walinitii kwa sababu ya mvi zangu. Hawakuchora mti wala hawakubandika karatasi ukutani. Na mimi, ambaye mkate wangu wote umetoka katika karatasi, sikuandika agizo lolote.

Waraka ulikuwa halali kama mwanzo. Lebo zote zilifunguliwa na kufungwa vizuri, na hakuna mashine iliyolalamika. Lakini katika programu ya kuchanganua ulikuwamo mstari mmoja wa zamani, aliouandika Mama Mti mwenyewe katika miezi yake ya kwanza, uliosema: itafute tarehe ya kuzaliwa ya kwanza, uichukue. Kwa miaka kumi na mmoja, ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Tangu siku ya adabu yangu, ya kwanza ikawa ya mama.

Wiki saba zilipita na hakuna aliyejua, kwa sababu vyeti huchapwa mwisho wa robo ya mwaka. Aliyetujulisha ni bibi mmoja aliyefika dirishani Alhamisi asubuhi akiwa na mjukuu wa wiki tano mgongoni. Mtoto alikuwa na tatizo la moyo na alipewa rufaa ya kulazwa katika wodi ya watoto. Hospitali ilipomtafuta katika daftari letu, kompyuta ilijibu kwamba ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, apelekwe wodi ya watu wazima.

"Mwanangu," bibi alimwambia karani wa dirishani, "huyu hata shingo haijakaza. Mnasema ana miaka thelathini na minne. Haya, nimshushe aende mwenyewe?"

Foleni ilicheka. Karani naye akacheka, kisha akaomba radhi.

"Chekeni," bibi akasema. "Daktari amenipa mpaka Jumatatu."

Mama Mti alikuwa amerejea kazini Jumanne ya wiki ile. Alitoka chumbani kwake, akaipokea karatasi ya hospitali, akamtazama mtoto, akamwita bibi "mama" na kumvutia kiti. Hakuigusa kompyuta kwanza. Aliandika barua kwa mkono kwenda wodi ya watoto, mkurugenzi akaitia saini, nami nikaigonga mhuri. Akapiga simu hospitalini, akakaa kwenye simu hiyo mpaka akapata jina la muuguzi atakayempokea mtoto. Ijumaa mtoto alilazwa wodi iliyomstahili.

Bibi alipoondoka, ndipo Mama Mti akafunga mlango wake. Baada ya dakika arobaini akatoka, mtulivu kupita kiasi, akatukusanya.

"Ukisimama barabarani ukaita 'mama', wanawake wote watageuka," alisema. "Mimi nilisimama mlangoni mwa waraka nikaita 'tarehe ya kuzaliwa', nikamchukua wa kwanza kuitika. Nilipaswa kuingia mpaka chumbani kwa mtoto, ndipo niulize."

Kisha akatupa idadi: watoto elfu tatu mia moja themanini na sita. Kila mmoja wao alikuwa na umri wa mama yake. Tulikuwa na siku kumi na mbili, kwa sababu robo ya mwaka ilikuwa ikiisha mwisho wa mwezi ule, na kila robo ikiisha daftari letu hunakiliwa kwenda kwa ofisi za chanjo, za shule na nyinginezo, na kosa likishavuka kizingiti chetu, kulirudisha ni sawa na kuzoa maji yaliyomwagika mchangani.

Kama tungekuwa na daftari peke yake, tungekuwa tumekwisha. Tarehe za kweli hazikuwamo tena humo. Lakini zilikuwamo katika zile nakala zilizojaza diski na kumkera mkurugenzi, bahasha zote zikiwa kama zilivyofika. Mama Mti aliuandika upya ule mstari, safari hii ukishuka hatua kwa hatua: kutoka kizazi hadi kwa mtoto, kutoka kwa mtoto hadi tarehe yake. Aliujaribu kwa nyaraka hamsini, huku wakunga wakimthibitishia kwa simu moja baada ya nyingine. Siku ya tano akaziachia zote zipite.

Wakabaki arobaini na mmoja. Hao walikuwa mapacha wa pili. Waraka wa mapacha una bahasha mbili za mtoto, na programu haikuweza kuamua pacha yupi wa daftarini ndiye yupi wa kwenye waraka, kwa maana wengi wao walikuwa bado hawajapewa majina, na pacha wa pili huweza kuzaliwa baada ya saa sita usiku, akawa na tarehe yake mwenyewe. Mama Mti hakutaka kubahatisha. Akawapigia simu wakunga wa vituo vyote husika, mmoja mmoja, na kuwauliza nani alitangulia, saa ngapi, kwa uzito gani. Mkunga mmoja alimwambia kwamba ameacha mgonjwa kitandani. Alimjibu kwamba atasubiri, na alisubiri, simu sikioni, kwa dakika ishirini na tano.

Tarehe ishirini na tisa, Jumatatu, saa nne asubuhi, pacha wa mwisho alithibitishwa. Aliangalia hesabu mara mbili. Ilisoma sifuri. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliketi tu, kama watu walioshushwa mizigo na bado hawajazoea mabega yao. Kisha mtu mmoja akaenda kuchemsha maji ya chai, na chumba kizima kikaanza kuzungumza kwa wakati mmoja.

Yule bibi alirudi miezi miwili baadaye kuchukua cheti. Mtoto alikuwa amepasuliwa, amepona, na amenenepa. Aliisoma tarehe kwa kidole, polepole, akasema sasa mjukuu wake ni mdogo kuliko mama yake, kama Mungu alivyopanga.

Laiti wasifu huu ungeweza kuishia hapo. Lakini siku ya tatu baada ya hesabu kusoma sifuri, mkurugenzi wa wakati ule alituita kikao. Aliuliza ni nani aliyeagiza mama atangulizwe. Karatasi haikuwapo ukutani. Wale watunzi wa programu walinitazama, nami nikaitazama meza. Ndipo Mama Mti akasema, "Mstari uliokosea niliuandika mimi." Lilikuwa neno la kweli, lakini lilikuwa nusu tu ya ukweli, na nusu ya pili ilikuwa kinywani mwangu.

Alipewa barua ya onyo. Ukuu wa kitengo, ambao ulikuwa utangazwe kwa jina lake mwezi ule, ukaenda kwa mwingine, na yeye akaungoja miaka mitano zaidi.

Nilimfuata koridoni nikamwambia kwamba nitarudi ndani niseme. Mwezi ule mke wangu alikuwa amelazwa. Nilikuwa nimekwisha kupita umri wa kustaafu, nikifanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na matibabu yake yalitegemea mkataba ule. Mama Mti aliyajua yote hayo, maana ndiye aliyekuwa akinishikia zamu ya alasiri ili niwahi saa ya kuwaona wagonjwa.

"Kaka," aliniambia, "nenda ukamwuguze shemeji. Barua imekwisha kuwa na jina langu, tusiijaze majina."

Nilikwenda. Mke wangu aliishi wiki tano zaidi, nami nilikuwapo zote. Baada ya mazishi nilipaswa kurudi ofisini na kusema. Kwanza nilinyamaza kwa huzuni. Baadaye nilinyamaza kwa aibu ya kuwa nilinyamaza, na aibu ya namna hiyo kila mwaka huzaa nyingine. Siandiki haya nipate kuonewa huruma. Nayaandika kwa sababu wafanyakazi wapya wamekuwa wakisimuliwa kwamba Mama Mti ndiye "aliyewazeesha watoto", kama mzaha wa ofisini, naye amekuwa akicheka pamoja nao.

Hakulipa kisasi wala hakununa. Badala yake alianza kukusanya kila waraka wa ajabu uliowahi kutufikia: wa mapacha, wa mtoto asiye na jina, wa mama asiyejua tarehe yake, wa kituo kilichosahau kujitaja, wa ile alama yenye mdomo wa ndege. Leo ziko mia mbili na kumi na mbili, na kila badiliko la programu, hata liwe dogo namna gani, hupitishwa kwanza katika zote. Mrithi wake, mama mwenye haraka ambaye tumemwita Kasi, aliniambia kwamba mwezi wake wa kwanza alizichukia nyaraka hizo, na mwezi wa pili akaongeza ya kwake. Mfumo mpya tulioupokea mwaka huu ulipitishwa humo wiki iliyopita. Uliangushwa na nne, ukarekebishwa, na juzi umepita zote. Mama Mti aliyasoma matokeo akiwa amesimama, akavua miwani, akasema kwamba sasa anaweza kuondoka.

Neno hilo, kwamba anaweza kuondoka, ndilo lililonipeleka kwa mkurugenzi wetu wa sasa. Nilibisha hodi nikiwa na jalada mkononi, nikaeleza yote, kuanzia chai hadi koridoni. Niliulizwa kwa nini nasema leo baada ya miaka tisa. Nilijibu kwamba jalada linafungwa tarehe thelathini, na mimi ndiye nitakayeyeyusha lakiri, na mkono wangu umekataa.

Mkurugenzi alitengua onyo lile siku ile ile. Barua iliyoandaliwa ilisema kwamba Mama Mti hakuwa na kosa lolote, na kwamba kosa lote lilikuwa la karani wa masjala. Mimi niliridhika nayo kabisa. Alipoitwa kuisoma, hakuridhika.

"Mstari ulikuwa wangu," alisema, "na agizo lilikuwa la kaka. Andikeni yote mawili, mtu akisoma aelewe lilivyotokea. Mkiandika nusu, atakuja mwingine arudie lile lile."

Mkurugenzi alicheka, akaichana ile ya kwanza, akaandika nyingine. Hiyo ndiyo iliyomo sasa katika jalada lake, ukurasa wa sitini na nne, mara baada ya ile ya onyo. Inamtaja yeye kwa mstari wake, inanitaja mimi kwa agizo langu lisiloandikwa, inaieleza sheria ya mti ukutani na sababu yake, na inamalizia kwa kusema kwamba watoto elfu tatu mia moja themanini na sita walirudishiwa umri wao ndani ya siku kumi na mbili kwa kazi ya mikono yake. Nami nimepewa barua yangu ya onyo, ya kwanza maishani, nikiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mkurugenzi aliniomba radhi kwa kunipa. Nilimsihi asiombe. Niliitoboa, nikaipanga katika jalada langu mwenyewe, na jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu, njia yote, bila kukumbuka kwamba goti linaniuma.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemkuta Mama Mti koridoni, akifunga kamba kwenye boksi la kalenda zake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, ya kutosha ukurasa mzima. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, kisha akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kumbe wewe ulikuwa unaibeba?" akasema. "Mimi nilidhani tuliiacha pale pale, siku ile."

Akanikabidhi ncha ya kamba nimshikie, akaendelea kufunga.

Dada yetu, kwa niaba ya masjala, ya dirisha la mbele, ya wakunga ambao hujawahi kuwaona nyuso, na ya watoto ambao hawatajua kamwe kwamba waliwahi kuwa na umri wa mama zao, tunakushukuru. Umetuachia kazi iliyonyooka na jalada linalosema kweli. Mungu akujalie afya, miguu imara, na wajukuu watakaokusikiliza kuliko tulivyokusikiliza sisi. Nenda salama.